Mwaka Wetu Mzuri na Mpunga wa Mahurunga

Kampuni ninayoifanyia kazi haijawahi kuwa na mwaka mbaya. Nimekaa kwenye dawati la vipuri na huduma la tawi la Mtwara tangu sijaolewa, sasa binti yangu ananizidi kimo, na kila mwaka unapokaribia kufungwa tunaitwa ukumbini tuambiwe kwamba tumefanya vizuri. Mwaka ambao mitambo ya kazi za gesi iliondoka, mji ukabaki na nyumba za wageni zisizo na wageni, tulifanya vizuri. Mwaka ambao korosho zilikaa nje ya maghala mpaka zikanyeshewa, na hakuna mkulima aliyekuja hata kuuliza bei ya jenereta, tulifanya vizuri. Mshale unapanda ukutani kutoka kushoto kwenda kulia, makofi yanapigwa, pilau inaliwa, watu wanarudi nyumbani.

Kampuni yenyewe inatengeneza mitambo mizito na injini. Matingatinga, magreda, vijiko vya kuchimbia, injini za meli, jenereta, na chini kabisa, baada ya vyote hivyo, injini za pampu za maji. Viwanda viko ng'ambo. Sisi Mtwara tuna uwanja wa kokoto, mitambo michache ya kuonyesha wateja, na ofisi yenye kiyoyozi kinachodondoshea maji mashine ya fotokopi. Anayesoma taarifa ya mwaka huko ng'ambo hajui kama tupo. Lakini tumo, kwa sababu kila filta ninayouza inausukuma ule mshale juu kidogo.

Nina hasira, na sitaificha. Ngoja niieleze.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, analima mpunga Mahurunga, bondeni, kando ya mto Ruvuma. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, wengi wao wanawake wa umri wake, na uenyekiti huo hakuugombea. Walimwachia kwa sababu akishasema jambo huwa hakuna wa kubishana naye. Mpunga wao wa masika unategemea mvua kama wa watu wengine. Wa kiangazi unategemea injini, maana maji yanavutwa kutoka mtoni. Na mto ule huko chini, karibu na bahari, una tabia zake. Kiangazi maji yanayotoka bara yakipungua na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ikija, chumvi inapanda na mto mpaka Mahurunga. Ukivuta maji saa hiyo, umeua mpunga kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini shangazi anashuka ukingoni, anachota maji kwa kiganja, anaonja, anatema. Kama ni matamu, anapaza sauti na injini inawashwa. Kama yana chumvi, wote wanakaa kwenye tuta wanasubiri, wanapiga soga, anaonja tena. Ndivyo walivyolima mama zao, tofauti ni kwamba wao hawakuwa na injini. Sasa injini ya watu wa namna hii lazima iwake pale pale inapoambiwa, kwa sababu saa ya maji matamu ikipita imepita.

Injini yao ya zamani iliwaka kwa kuzungusha hendeli. Ilitoa moshi, ilipiga kelele mpaka watoto wa shule walilalamika, lakini ilitii. Ikikorofisha, mtu alipanda pikipiki mpaka Mikindani, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa asili ya Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Mzee yule hakuwahi kusema hana kipuri. Alisema, "Kaa kwanza," akaingia nyuma, akatoka na kitu cha injini nyingine kabisa, akakichonga kwa tupa mpaka kikakubali kuingia. Mteja alirudi Mahurunga siku hiyohiyo.

Kisha sisi tukawauzia injini mpya. Rangi inang'aa, haitoi moshi, haina kelele, inawashwa kwa kitufe. Ya zamani tuliichukua katika mabadilishano, ikapelekwa na vyuma chakavu. Nilipomsimulia yule mzee wa Mikindani uzuri wa injini hii mpya, aliniuliza swali moja tu: je, fundi wa mtaani anaweza kuifungua? Nikamwambia haihitaji kufunguliwa. Akasema, "Binti yangu, mashine isiyomkubali fundi wa mtaani hujaiuza. Umeikodisha." Nilidhani ni wivu wa biashara, nikamcheka.

Basi mpunga ukiwa umebeba mimba, wakati ambao ukiukosesha maji unapata majani ya kulisha ng'ombe na si kingine, injini ile ikazima na kuwasha taa nyekundu.

Shangazi akanipigia simu ofisini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Injini yenu imenuna."

"Imenuna vipi?"

"Sasa mie ntajuaje? Imewasha jicho jekundu inatutazama. Fundi kaifungua, kakuta maji kwenye dizeli. Kayamwaga, kasafisha, katia filta mpya. Haina ugonjwa tena. Lakini haitaki kuwaka."

Nikafahamu mara moja. Ndani ya injini hizi mpya kuna kompyuta ndogo. Ikihisi kasoro, inaifunga injini, na haiifungui mpaka fundi wa kampuni alipwe, aje na kompyuta yake, aunganishe waya, aiambie kwamba mambo yamekwisha. Kasoro yenyewe inaweza kuwa imeshatengenezwa na mtu yeyote mwenye spana na akili. Haijalishi. Injini nzima kabisa itakaa pale kama mtoto aliyesusa chakula, ikimsubiri mtu wa kutoka Dar es Salaam.

Nikapiga Dar es Salaam. Kijana wa kupanga ratiba za mafundi alinisikiliza kwa adabu sana. Akasema mafundi wote wako bara, kwenye migodi, kwa sababu kazi za migodini lazima zikamilike kabla mwaka haujafungwa ili ziingie kwenye hesabu za mwaka huu. Mahurunga itapangwa mwaka mpya.

"Mwaka mpya mpunga utakuwa umekufa," nikamwambia.

"Nakuelewa, dada. Ila huyo mteja ni mdogo."

Mdogo! Shangazi yangu, aliyelipia ada yangu ya sekondari kwa magunia ya mpunga uleule, ni mteja mdogo. Kikundi kizima, na wajukuu wanaowalea, na walio tumboni, wote kwa pamoja ni wadogo. Tingatinga moja la mgodini likikohoa, watu wanapanda ndege. Nilipiga tena na tena, nikaandika, nikamfuata meneja wa tawi ofisini kwake. Akaniambia nisiwe na jazba, kwamba biashara ina vipaumbele. Nikamwambia mpunga nao una vipaumbele, na cha kwanza ni maji. Akacheka kama vile nimemtania.

Mahurunga wakajaribu kunywesha shamba kwa ndoo. Utanywesha mbuga ya mpunga kwa ndoo mpaka lini? Na ule mto una mamba. Mama mmoja aliinama kuchota, ndoo ikanyakuliwa mkononi mwake, akabaki ameshika mkono wa ndoo tu. Baada ya hapo waume zao wakakataza jambo hilo, na hakuna aliyewalaumu. Mzee wa Mikindani aliwaazima injini ndogo ya dukani kwake bila hata kuombwa. Ilikuwa ya kumwagilia bustani za mchicha. Ilivuta maji ya kulowesha majaruba ya mwanzo tu, ikapata moto, ikachoka.

Ndipo shangazi akanipigia tena. Safari hii hakungoja nimwamkie.

"Nsikilize, mwanangu. Ijumaa hii tumetangaza msikitini. Ijumaa ijayo tunasoma Albadiri."

Kwa asiyetoka pwani, nieleze kidogo. Albadiri ni kisomo cha watu waliodhulumiwa na hawana pa kushtakia. Haisomwi kwa kuvizia. Inatangazwa kwanza, hadharani, ili aliyedhulumu asikie, apewe nafasi ya kurudisha alichokichukua au kuja kusema. Na kwa kawaida hatajwi mtu. Inasomwa kwa yeyote aliyefanya jambo lile, ajulikane asijulikane, kwamba Mungu ahukumu. Wapo masheikh wanaoikemea, na mimi mwenyewe sijui niseme nini kuhusu inavyofanya kazi. Ninachojua ni kwamba nimeona mwizi wa korosho akirudisha magunia mbele za watu aliposikia tangazo tu.

"Shangazi," nikasema, "mimi nafanya kazi humo humo."

"Najua. Ndo maana nakupigia. Kama umo katika kuzuia maji yetu, toka. Kisomo hakichagui ntu wa ndugu."

"Simo."

"Basi lala usingizi. Na hao wakubwa zako waambie. Haki ya ntu ni kuambiwa kwanza."

Nikawaambia. Niliandika kwa Kiswahili kisafi, kwenda ofisi ya Dar es Salaam, kwamba wateja wa Mahurunga wametangaza kusoma Albadiri wiki ijayo kuhusu injini iliyofungwa, na kwamba bado kuna nafasi ya kutuma fundi. Jibu lilikuja haraka ajabu. Lilisema: "Asante kwa taarifa yako. Tumeipokea na tunaifanyia kazi. Maoni yako ni muhimu kwetu." Nililisoma nikiwa nimesimama. Karibu niitupe kompyuta dirishani.

Wiki ikapita. Hakuja fundi. Aliyekuja ni afisa masoko.

Alishuka na ndege ya asubuhi, mtanashati, kamera shingoni, viatu vyeupe. Alitumwa kukusanya picha za wateja wenye furaha, ziwekwe kwenye taarifa ya mwaka na kuonyeshwa ukumbini. Alikuwa ameshapata picha za tingatinga na za mgodi; sasa alitaka mkulima. Akatazama kwenye kumbukumbu za mauzo, akaona injini mpya kuliko zote kusini iko Mahurunga. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Ile injini imekufa," nikamwambia.

"Hatutairekodi sauti, dada," akasema. "Picha haisikiki kama inanguruma au haingurumi."

Nilimpeleka. Wengine wameniuliza kwa nini nilimpeleka. Nilimpeleka kwa sababu nilitaka mtu mmoja wa ofisi kubwa aione mbuga ile kwa macho yake, aone ardhi ilivyopasuka kati ya mashina, mpunga ulivyojikunja majani kama uzi. Nilidhani akiona atasema. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo nilivyofunzwa.

Tulifika baada ya swala. Mikeka ilikuwa imetandikwa kuizunguka injini, pale pale ukingoni. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameketi mbele na wazee, wanawake nyuma yao wamejifunika kanga, chetezo kinatoa moshi wa ubani. Walikuwa katikati ya kisomo. Hakuna aliyegeuka kututazama. Mikono ilikuwa juu na midomo inakwenda kwa pamoja, na katikati yao ile injini nzuri, inang'aa, na jicho lake jekundu.

Afisa masoko alishika kifua. "Jamani," akanong'ona, "wanaibariki?"

"Hiyo siyo dua ya kushukuru," nikamwambia. "Hiyo ni Albadiri. Wanawasomea waliowazuilia maji."

"Dua ni dua, dada. Mungu ni mmoja." Akapiga goti, akaanza kupiga picha.

Nilimshika mkono kumzuia. Shangazi alikuwa ameshamaliza sehemu yake, akaniona, akatikisa kichwa. Baadaye aliniambia maana yake: "Mwache apige. Asije akasema hatukumuonyesha." Kijana akazunguka mikeka yote, akapiga kutoka juu ya tuta, akapiga mikono, akapiga moshi wa ubani unavyopita mbele ya jina la kampuni ubavuni mwa injini. Shambani hakutazama hata mara moja. Viatu vyake vyeupe vilipoingia vumbi, akaomba maji ya kusafishia.

Hafla ya kufunga mwaka ikafanyika mchana, katika ukumbi mmoja mjini, si mbali na Rahaleo. Mkurugenzi alikuja kutoka Dar es Salaam. Walialikwa wateja wakubwa, watu wa benki, madiwani, na wafanyabiashara wa vipuri, akiwemo yule mzee wa Mikindani katika kanzu iliyopigwa pasi. Wafanyakazi tuliketi nyuma karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na shangazi kwenye simu asubuhi hiyo, akaniambia mashuke yametoka, lakini ameyaminya na hayana maziwa ndani.

Mkurugenzi alianza na mshale. Mauzo ya mitambo yamepanda kiasi. Mauzo ya injini yamepanda kiasi. Kisha akatabasamu, akaweka mshale mwingine, mrefu kupita yote, na kusema kwamba hii ndiyo siri ya mafanikio ya mwaka huu: huduma. Kwamba zamani kampuni ilikuwa inauza mashine halafu inamsahau mteja. Sasa haimsahau. Sasa teknolojia inamfanya mteja arudi kwetu kila mara, kwa uaminifu.

Kwa uaminifu! Nilikuwa na kijiko cha pilau mkononi na nilikirudisha kwenye sahani. Watu wanarudi kwa sababu mlango umefungwa na ufunguo unao wewe, halafu unasimama mbele za watu unaita mapenzi. Mshale ule mrefu niliufahamu kuliko yeye. Ulikuwa ni kila injini iliyosusa, kila jenereta ya zahanati iliyongoja kompyuta, kila fundi wa mtaani aliyeambiwa usiguse. Ulikuwa ni mpunga wa shangazi yangu, umegeuzwa upande wa pili na kupakwa rangi ya kijani.

Kisha akasema, "Na mafanikio si tarakimu tu. Mafanikio ni watu." Ikatokea picha ya Mahurunga, imejaa ukuta mzima. Mikono iko juu. Moshi wa ubani. Injini. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba wateja wetu wanatushukuru.

Makofi yakaanza mbele, kwa watu wa benki. Hayakufika katikati. Yalisinyaa yenyewe. Nilitazama meza moja baada ya nyingine, na wale wa hapa kwetu, wale waliokulia Mikindani na Likombe na vijiji vya huko chini, walikuwa wameacha kula. Diwani mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Mpishi aliyekuwa anapita na sinia alisimama katikati ya ukumbi akitazama ukuta.

Mkurugenzi akaona kimya, akakidhania kuwa hisia. Akasema, "Inagusa, eeh?"

Nikasimama. Miguu yangu haikuniuliza. "Mheshimiwa mkurugenzi," nikasema, "hao hawashukuru. Hiyo ni Albadiri. Injini hiyo hapo haijawaka tangu taa yake ilipogeuka nyekundu. Fundi wa kijijini aliitengeneza siku ileile, ila kompyuta yenu imeifunga. Mliambiwa mtume mtu, mkasema mteja ni mdogo. Mkaambiwa Albadiri inasomwa, niliandika mimi, kwa mkono wangu, na mkanijibu kwamba maoni yangu ni muhimu kwenu. Huyo mwanamke wa tatu nyuma, mwenye kanga ya njano, ni shangazi yangu. Hapo mnapomuona ameinua mikono anaiombea hukumu kampuni hii."

Meneja wa tawi alikuwa ameshanifikia na kunishika kiwiko. Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa bara na hakuwa na uhakika, akageuka kumtafuta mtu mzima wa kumuuliza, macho yakamwangukia yule mzee wa Mikindani.

"Mzee, ni kweli?"

Mzee akafuta vidole taratibu. "Mimi nilikuwapo ilipotangazwa, nilifuata injini yangu," akasema. "Nilidhani na nyinyi mmesikia, ndiyo maana mmeiweka ukutani. Nikasema watu hawa wana moyo mgumu sana."

Ilikuwa kana kwamba mtu kazima feni zote. Yule kijana wa projekta, bila kuambiwa, akaibadilisha picha, likaja tingatinga. Hakuna aliyelitazama. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa visingizio, na sahani zilizojaa zikabaki mezani. Diwani hakusubiri hata picha ya pamoja.

Wala hawakunifukuza kazi. Mpaka leo hawajathubutu, na sababu yake haina uhusiano wowote na haki. Kesho yake alfajiri fundi na kompyuta yake walikuwa uwanja wa ndege wa Mtwara. Fundi aliyekosekana, ambaye yuko migodini, ambaye atapangwa mwaka mpya, alipatikana mara moja. Kilio chetu hakikumleta, mpunga haukumleta, wala mkataba wa huduma tuliosaini nao. Woga ndio uliomleta. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Mahurunga.

Aliunganisha waya, akabonyeza vitufe, akasubiri, akabonyeza tena. Chai aliyopewa ilikuwa haijapoa. Taa nyekundu ikazimika na injini ikanguruma. Shangazi alikuwa ameshuka ukingoni na kuonja maji kwa mazoea, yalikuwa matamu. Yakapanda kwenye bomba, yakamwagika mferejini, yakakimbia kuelekea majaruba kama hakuna kilichotokea.

Wanawake walisimama kwenye tuta wakiyatazama. Hakuna aliyepiga kigelegele. Maji yaliingia kwenye jaruba la kwanza, ardhi ikayanywa kwa sauti, yakaingia la pili. Mpunga ulisimama ndani ya maji, mkavu, wa rangi ya mkeka wa zamani. Shangazi akaingia mpaka magotini, akakata shuke moja, akalipukusa kiganjani. Mapepe matupu. Akapuliza, na yote yakaruka, hakikubaki kitu mkononi.

"Mbegu ya mwakani," akasema, "ilikuwa itoke humu."

Nililia pale. Nililia kwa hasira, mbele ya fundi, mbele ya wanawake waliofiwa na shamba zima na ambao hawakuwa wakilia.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mkurugenzi. Hakuuliza mpunga. Aliuliza kama injini imewaka, nikasema imewaka. Akashusha pumzi. Kisha akapunguza sauti, akasema kwamba kwa kuwa sasa tatizo limekwisha, anaomba, kama inawezekana, wale wazee wakae tena waiondoe ile dua. Kampuni ingegharamia ubani, mbuzi, chochote kinachohitajika. Akasema tangu jana halali, mkewe halali, na mtoto wake ameamka na homa.

Niliweka simu kwenye sauti ya wazi na kumnyooshea shangazi. Alijifuta mkono kwenye kanga kabla ya kuishika.

"Baba," akasema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao, "mtoto mpeleke hospitali, ana homa tu. Sisi hatukukutaja wewe. Hatukutaja ntu. Tulisoma kwa yule aliyezuia maji mpaka mpunga ukafa. Sasa kama siyo wewe, unaogopa nini?"

Akainyoosha simu katikati yetu. Tulisimama sote tukisubiri, na maji yakiendelea kujaa shambani.